Ortofoto ya UTM inatua baharini karibu na Norway, nakosea wapi?

kata_vigae
Wakuu, nina ortofoto (picha ya angani iliyonyooshwa ikae kama ramani) ya GeoTIFF, pikseli ya sentimita 30, EPSG:32737 (yaani UTM kanda 37 kusini, vipimo vya mita). Ramani ya chini ni OpenStreetMap ndani ya Leaflet (maktaba ya ramani za wavuti), inayotumia EPSG:3857. Nilipitisha `gdal_translate -a_srs EPSG:3857`, kisha nikakata vigae (vipande vya mraba vya picha) kwa gdal2tiles. Picha imetua baharini magharibi ya Norway. gdalinfo bado inaonyesha katikati ni X 500000, Y 9300000.

Rasta na Vekta
Mkuu, kosa liko kwenye huo mstari wako wa mwisho: nambari hazijabadilika. `-a_srs` hubandika lebo tu, haihamishi pikseli hata moja. Kwenye UTM ya kusini ikweta imepewa 10000000, kwa hiyo 9300000 iko kilomita 700 hivi kusini yake. Kwenye 3857 ikweta ni 0, basi Y hiyohiyo inasomwa latitudo 63.8 kaskazini. X nayo, badala ya longitudo 39, inasomwa 4.5. Ndiyo Norway yako hiyo.

Rudi kwenye faili la asili, hilo lenye lebo ya uongo lifute:

`gdalwarp -s_srs EPSG:32737 -t_srs EPSG:3857 -r cubic -dstalpha picha.tif picha_3857.tif`

`-dstalpha` inazuia pembe nyeusi. `-r` ni njia ya kukokotoa pikseli mpya: ingekuwa rasta ya madaraja (kila pikseli ni namba ya aina), mfano matumizi ya ardhi, ungeweka `-r near`. Cubic huchanganya pikseli jirani, hivyo huzua madaraja yasiyokuwepo. Ukimaliza, gdalinfo ikupe X karibu 4341000 na Y karibu -706000. Ile alama ya hasi ndiyo ya kutazama kwanza.

kata_vigae
Nambari zimekaa sawa, shukrani. Ila sasa picha iko kaskazini ya ikweta, na safu zimepangwa kinyume ingawa kila kigae kimesimama vizuri.

Mtu wa Seva
Hapo projeksheni haina kosa, ni hesabu ya safu. gdal2tiles kwa kawaida huhesabu Y kutoka chini (TMS), Leaflet huhesabu kutoka juu (XYZ). Kwenye zumu (kiwango cha ukuzaji) 12 kuna safu 4096: kigae ambacho Leaflet inakiita 2120, kwenye folda yako kinaitwa 1975, yaani 4095 − 2120. Kata upya kwa `--xyz` (GDAL 3.1 kwenda juu), au acha vigae vilivyo na uweke `tms: true`. Chagua moja, ukiweka vyote viwili vinapinduka tena.

Rasta na Vekta
Na usikate kupita zumu 19. Hapo pikseli ni mita 0.2986, sawa na picha yako. 20 inajaza diski bila kuongeza chochote. Weka `maxNativeZoom: 19`, Leaflet itakuza vigae hivyo yenyewe ukizidi hapo.

kata_vigae
Imekaa. Mipaka ya viwanja ndiyo imeruka sasa, niliiingiza kwa `L.polygon` kutoka GeoJSON (faili la maumbo lenye viwianishi).

Mtu wa Seva
GeoJSON huanza na longitudo, `L.polygon` inataka latitudo kwanza. Tumia `L.geoJSON`, inageuza yenyewe. Na faili hilo libaki kwenye digrii, usilipeleke 3857.