Mdororo wa 2008: jangwa linasingiziwa?

Mleta mada: Wakuu, ukitajwa mdororo wa uchumi wa Marekani wa 2008, bei za nyumba zilipoporomoka, hakosekani mtu wa kusema Las Vegas, jimbo la Nevada, ilianguka kwa sababu hapakuwa na akili kujenga mji mkubwa katika jangwa la Mojave. Napinga. Florida ina mvua na vinamasi, ikaanguka vilevile. El Paso, Texas, iko jangwani kabisa, lakini bei za nyumba hazikuporomoka kama za Nevada. Sababu moja ni sheria: Texas, ukikopa kwa kuweka rehani nyumba unayoishi, madeni yote juu ya nyumba hiyo yasizidi asilimia 80 ya thamani yake. Las Vegas madeni yaliwafika watu shingoni, bei zikashuka kwa zaidi ya asilimia 60 kutoka kilele cha 2006. Mchanga una kosa gani hapo?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, umelisamehe jangwa mapema mno. Tazama ramani. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Nevada ni mali ya serikali ya shirikisho, na kutoka Las Vegas hadi mji mwingine mkubwa ni saa kadhaa barabarani. Fundi aliyeachishwa kazi aende wapi? Phoenix, Arizona? Nako ujenzi ulikuwa umesimama. Mwaka 2010 ukosefu wa ajira Nevada ulipita asilimia 13, ukaipiku hata Michigan ya viwanda vya magari.

Mleta mada: Umbali nakupa. Ila mji ulikuwa ukila kwa mikono miwili tu, watalii na ujenzi, na yote ilikatika pamoja. Hoteli ya Fontainebleau ilikwama 2009 ghorofa zikiwa zimeshapanda. Imefunguliwa Desemba 2023!

Mchangiaji wa tatu: Wote mmeruka maji. Takriban asilimia 90 ya maji ya bonde la Las Vegas hutoka Ziwa Mead, bwawa kubwa la Mto Colorado, na ziwa lilianza kupungua tangu 2000. Mamlaka ya maji ikakopa kuchimba handaki la tatu la kuvuta maji kutoka kina kirefu zaidi. Ulipaji ulitegemea sana ada ya kuunganisha nyumba mpya na mabomba ya maji. Nyumba zikaacha kujengwa, ada ikaporomoka, deni likabaki palepale. Mwaka 2012 wakaweka tozo kwenye ankara za wateja wa zamani, na wenye biashara ndogo wakapiga kelele. Mji wenye mvua za kutosha usingehitaji handaki hilo.

Mleta mada: Handaki ni la jangwa, sawa. Kulipia deni la miaka mingi kwa ada ya nyumba ambazo bado hazijajengwa ni uamuzi wa watu. Wangegawana gharama tangu mwanzo, hoteli zikiwemo.

Mchangiaji wa tatu: Wangegawana tangu mwanzo, maji yangekuwa ghali. Maji yangekuwa ghali, je, mji ungekua kwa kasi ile?

Mleta mada: Pengine usingekua. Na hao waliopoteza nyumba wasingekuwa wamehamia huko.