Naomba ushauri: kitufe cha kuachia magazini (kisanduku cha risasi) kwa mtu wa mkono wa kushoto

Ndugu zangu walenga shabaha, salamu. Leseni ninayo, sasa nachagua bastola ya mashindano ya IDPA (ulengaji wa bastola za kujilinda) hapa Kenya, na shida yangu ni moja: mimi natumia kushoto. Ceska 75 ya klabu ina kitufe cha magazini upande wa kushoto, kwa hiyo nakibonyeza kwa kidole cha shahada. Ajabu ni kwamba si vibaya, maana wakati wa kubadili magazini kidole hicho lazima kiwe nje ya kifyatulio. Ila kiganja hulegea kidogo.

Glock 19 tangu toleo la nne kitufe kinahamishika kwenda kulia. Nimevutiwa, lakini magazini za matoleo ya zamani hazina tundu la kushikwa na kitufe upande huo, na wengi klabuni wanazo hizo hizo, kwa hiyo kuazimana kutakuwa taabu.

HK USP ndiyo inanichanganya: wenzo wake wa kuachia magazini uko sehemu ya nyuma ya kingio cha kifyatulio, pande zote mbili, unashushwa. Waliouzoea, mnatumia gumba au kidole cha kati? Na mkirudi kwenye bastola ya kitufe, mkono haukosei?

Vidole vyangu ni vifupi, mzingatie hilo.