Redio yetu ya wilaya: simu haziishi, lakini wapigaji ni walewale. Nifanyeje?

Mnara wa Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa usimamizi wa vipindi kwenye redio moja ya jamii ngazi ya wilaya. Tunasikika karibu kata zote na simu haziishi. Shida ni kwamba wanaopiga ni walewale: mwenye duka, bodaboda wa stendi, bwana mmoja anayesalimia ukoo wake wote kila siku. Wanawake ni wachache mno, na vijiji vya ng'ambo ya mto sijavisikia kabisa.

Juzi tulimleta afisa kilimo studio saa nzima kuzungumzia viwavijeshi vamizi. Watu wakapiga kuomba wimbo, na huku mahindi yanaliwa mashambani. Imeniuma sana. Bosi anataka tugawe vocha kwa wapigaji. Tuna pikipiki moja na rekoda mbili. Naomba ushauri, hata kwa msikilizaji wa kawaida.

Kisiki
Vocha achana nazo. Siku zikiisha, na simu zinaisha.

Mzee wa Kibaoni
Kijana, hili jambo nchi yetu ililifanya zamani na likafanikiwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wao akasoma kitabu kilichoandaliwa, kisha mjadala: hapa kwetu malaria inatokana na nini, kichocho je, maji tunachota wapi? Kikundi hakikutawanyika kabla ya kukubaliana kazi ya kufanya. Ndipo vyoo vikachimbwa na nyasi zikafyekwa. Walishiriki watu wapatao milioni 2, na simu vijijini hakuna.

Leo tunampa mtu nusu dakika hewani tunasema ameshiriki. Anzia na vikundi ambavyo tayari vipo: vikoba, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), kwaya, wafugaji wa mnadani. Chagua vichache, uwafuate walipo, uwaulize kipindi kijacho kiwe cha nini. Huyo afisa kilimo angekaa chini ya mwembe na watu kumi wenye mahindi yaliyotobolewa mikononi, usingepata wa kuomba wimbo.

Mama Tatu
Mkuu, umeuliza wanawake wako wapi. Kipindi chenu kiko saa ngapi? Kama ni saa nne asubuhi, mimi niko shambani na redio ameondoka nayo baba watoto kijiweni. Simu yenyewe naishika usiku, na salio la kupigia halipo.

Njooni mashine ya kusaga. Pale tunasubiri zamu muda mrefu na maneno yote ya kijiji yanapita pale. Msisimame karibu na injini, hamtarekodi chochote. Kaeni upande wa kupepetea. Tena msianze na "mama, toa maoni yako kuhusu maendeleo", mtu atawajibu kama anavyomjibu mgeni. Uliza debe la mahindi limefika shilingi ngapi, uliza dawa zahanati zipo. Halafu irusheni jioni tukiwa jikoni, sauti yangu isikike kama nilivyosema, msinikate nikabaki nasema "asante".

Mwanamakueni
Mimi niko Kenya, kaunti ya Makueni. Huku tuna Radio Mang'elete, iliyoingia hewani mwaka 2004, na mizizi yake ni vikundi vya akina mama wenyewe. Mtu akiona kikundi chake kimo katika kuiendesha redio, hahitaji kubembelezwa apige simu. Waulize wakubwa wako: kwenye bodi yenu kuna mkulima? Kuna mama wa kijijini? Kama wote ni wafanyabiashara wa mjini, hapo ndipo kazi ianzie.

Mnara wa Bondeni
Mama Tatu, ni saa nne kweli. Kesho naliweka mezani. Swali gumu: watu wakianza kusema ya zahanati na barabara, halmashauri ndiyo inatununulia muda wa hewani. Nitalindaje redio?

Daftari Jeusi
Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, nikujibu hili. Usirushe malalamiko matupu, rusha swali lenye mwenyewe. Fungua daftari la mistari mitano: swali, kijiji, nani anapaswa kujibu, ameahidi lini, limeishia wapi. Mpe mhusika nafasi ya kujibu kabla ya kurusha. Akisema "tunalifanyia kazi", mtangazaji aulize kwa adabu: tarehe ngapi, mheshimiwa? Iandikeni. Kila Ijumaa someni daftari hewani, yaliyojibiwa na yasiyojibiwa, kwa sauti ileile. Pampu ikitengenezwa, semeni imetengenezwa na mshukuruni aliyetengeneza. Viongozi wengi hawachukii kuulizwa, wanachukia kushtukizwa.

Na mwananchi wa ng'ambo ya mto anayejua swali lake limeandikwa atasikiliza Ijumaa hiyo, pamoja na majirani zake. Redio nyingi huchukua sauti ya mtu na zisirudi. Mrejesho ndio kazi yenyewe. Hata jibu likiwa "bado", mpelekeeni.

Mdhamini akikataa, bora kumjua mapema. Ila usimtegemee mmoja: matangazo ya minada, maduka ya pembejeo, harusi na misiba, vidogo vidogo hivyo vikijumlishwa vinalipa umeme.

Fundi Mitambo
La salio lina njia. Tengeni namba ya kubipu: msikilizaji anabipu, nyinyi mnampigia, gharama ni yenu. Kwa kura tumieni namba mbili, moja ndiyo na nyingine hapana, mtu anabipu bila kukatwa hata senti. Orodha ya namba ikae na mtu mmoja anayeaminika, na mtangazaji asizitaje hewani, hasa za akina mama. Anzeni na kipindi kimoja kwa wiki, maana bando la dakika za kuwapigia ndilo litakalowabana.