Nafasi za kazi kwenye tovuti: mshahara uandikwe au ufichwe?

Fundi wa Tudor
Wenzangu, nisaidieni, maana mie na mwenye kazi tunakaribia kushikana mashati. Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zake upande wa Changamwe hapa Mombasa, imenipa tovuti yake niisuke upya sehemu ya nafasi za kazi. Iliyopo sasa ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, muhuri umekaa juu ya tarehe ya mwisho. Kwa simu huisomi mpaka uivute kwa vidole. Google nayo haiwezi kuionyesha kwenye orodha yake ya ajira, kwa kuwa yataka maandishi yenye alama zake: cheo, mahali, siku ya kufungwa. Hayo tumekubaliana. Ugomvi uko kwenye mambo mawili. Mie nataka kila nafasi itajwe mshahara, hata iwe ni kati ya kiasi hiki na hiki. Yeye ataka iandikwe "mshahara wa kuridhisha", tena mtu afungue akaunti kwanza ndipo aione hiyo kazi. Mwaonaje?

Kuli Mstaafu
Wa kuridhisha unamridhisha nani? Niliwahi kuitwa mahojiano Miritini, nikaacha kibarua cha siku ile, nikakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Kiasi nilichotajiwa hakitoshi hata nauli ya mwezi. Wangekiandika tangu mwanzo ningebaki zangu kazini, na wao wangepumzika na sura yangu.

Afisa Ajira
Nimeajiri watu miaka na miaka, nisikizeni. Ukiandika mshahara, wa kwanza kuusoma ni waliomo ndani. Karani wa siku nyingi akiona mgeni atamzidi, kesho asubuhi yuko mlangoni kwako na barua. Na jirani yako wa yadi ya pili ataongeza elfu mbili tu akunyang'anye dereva. Hiyo akaunti na fomu ndefu pia zina kazi yake, zinachuja. Shida ni vijana wetu wa Pwani, fomu ndefu hawaiwezi, wanataka kazi iwafuate barazani.

Binti Kisauni
Ami, kwa heshima zote, hilo la barazani ungelimeza. Mie nimejaza fomu hizo. Yakuambia upakie wasifu, unapakia. Kisha yakutaka uandike upya yote yaliyomo kwenye wasifu huo huo, shule moja moja, mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka. Sanduku la posta ni lazima, na mtaani kwetu sote twatumia la shule ya msingi. Nimefika kwenye wadhamini, stima ikapotea pale saiba, nilipokodi kompyuta. Iliporudi nikaambiwa muda wangu umekwisha, nianze upya. Na mwenye saiba ahesabu dakika zake. Sasa niambie nani mvivu hapo, mie au aliyeitengeneza?

Mkaa Bamburi
Afisa hakukosea sana lakini. Mimi nilikuja hapa kutoka bara sina hata binamu. Nilipeleka barua geti kwa geti Shimanzi, kwa miguu, mpaka nikapata. Wenyeji wanangoja kuitwa.

Kuli Mstaafu
Alaa! Umesafiri usiku kucha kuja kutufunza kufanya kazi? Reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, ikaja amri makontena yapande treni yaende bara, yadi zikafungwa, malori yakalala. Kazi zenyewe zilikata tiketi zikaja kwenu. Wewe ukapishana nazo Voi.

Mkaa Bamburi
Amri sikutoa mimi, mzee wangu.

Nahodha
Kwani sheria si inasema asilimia 70 ya kazi ni za wenyeji? Iandikwe hapo juu kabisa ya ukurasa, mambo yaishe.

Msoma Sheria
Nahodha, umeigeuza ndani nje. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inahusu utumishi wa kaunti. Inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zipewe wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kampuni binafsi haimo. Tena kifungu chenyewe kinamtetea mtu kama bwana wa Bamburi. Ukitaka ya kampuni, soma Sheria ya Ajira ya 2007: inakataza kumbagua mtu kwa kabila tangu wakati wa kuajiri.

Nahodha
Basi hiyo 70 niliisikia wapi?

Kuli Mstaafu
Kwenye kampeni. Utaisikia tena.

Fundi wa Tudor
Jamani, akaunti je? Mshahara je? Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo 2023, mwajiri amweleze mwombaji kima cha mshahara kabla ya mahojiano, nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026.

Afisa Ajira
Sisi tuko Kongowea, mwanangu, Brussels ni mbali. Halafu sikusema wavivu. Nilisema barazani.

Binti Kisauni
Na barazani kwafanywa nini, ami, hesabu za meli? Basi nakuuliza jingine. Kwa nini fomu yataka cheti cha tabia njema cha polisi kabla hata hawajanijua? Ni shilingi 1,050 na foleni ya alama za vidole, kwa kazi ambayo huenda ishapewa mpwa wa mtu.

Msoma Sheria
Hilo halifai. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanasema vyeti vya namna hiyo mwajiri asivitake mpaka awe anakusudia kuingia mkataba na wewe. Fundi, kiondoe kisanduku hicho. Na hizo akaunti, wasifu za watu utaziweka mpaka lini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kulimbikiza tu.

Afisa Ajira
Kwangu mpwa hakupata kitu. Binti, uliza watu kabla hujanena.

Binti Kisauni
Nani kakutaja? Nimesema mpwa wa mtu.

Mkaa Bamburi
Aliyeguswa amejulikana.

Kuli Mstaafu
Wewe wa Bamburi nyamaza, bado sijamalizana nawe. Hilo geti la Shimanzi lilikuwa la nani? Maana wakati huo msimamizi pale alikuwa wa kwenu.

Fundi wa Tudor
Mwenye kampuni nimemsomea ya cheti na ya data. Akaunti ameikubali itoke, mtu aisome kazi bila kujisajili. Mshahara amekataa katakata, asema maneno ya Afisa yamemuingia.

Mkaa Bamburi
Msimamizi alikuwa Mtaita, mzee. Taita ni Pwani au si Pwani?