Kusafisha nyumba ya kupanga kabla ya kuikabidhi: nianzie wapi, na nisisahau nini?

Swali: Mpangaji anayehama

Habari zenu wanajamvi.

Mwishoni mwa mwezi tunahama kutoka katika nyumba ya kupanga tuliyoishi kwa miaka kadhaa. Mkataba unatutaka tuirudishe nyumba ikiwa safi na katika hali tuliyoipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida, na mwenye nyumba amekwisha kutuarifu kwamba ataikagua yeye mwenyewe kabla ya kuturudishia amana yetu. Si mtu mgumu, lakini ni mtu makini, nami ningependa tuachane kwa heshima bila kubishania doa hili au lile.

Usafi wa kila siku tumeufanya muda wote, ila sasa vyombo vinapoanza kuondolewa ndipo yanajitokeza mambo yaliyokuwa yamejificha. Bafuni, vigae vilivyo chini ya bomba la mvua vina ukoko mweupe ambao sabuni haiugusi hata kidogo. Jikoni, juu ya makabati kuna mafuta yaliyochanganyika na vumbi, yananata vidoleni, na ndani ya oveni kuna madoa meusi yaliyoungulia humo. Ile silikoni nyeupe iliyozunguka beseni la kuogea imeota ukungu mweusi. Ukutani yapo matundu ya misumari tuliyotundikia picha, pamoja na alama za mikono kuzunguka swichi.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: kazi hii inaanzia wapi ili tusirudie chumba kimoja mara mbili? Dawa gani inafaa kwa lipi? Na je, kuta ni juu yangu kuzipaka rangi, au niziache zilivyo?

Jibu: Msafishaji wa nyumba

Ndugu, poleni na shughuli za kuhama. Kazi yangu ni kusafisha nyumba baada ya mpangaji mmoja kutoka na kabla ya mwingine kuingia, na ninachokiona mara nyingi ni watu kujichosha kwa kusugua kabla dawa haijapata muda wa kufanya kazi yake. Uchafu ulioganda kwa miaka unataka kulowekwa. Ukishapanga siku yako kwa kufuata jambo hilo, nusu ya uchovu umeuepuka.

Kwanza vyombo vyote vitoke, maana kusafisha kwa kuzunguka kochi na kitanda ni kazi utakayoirudia. Kisha loweka vile vinavyohitaji muda, yaani oveni, ukoko wa bafuni na choo, na wakati dawa inafanya kazi huko, wewe endelea na kazi kavu kwingineko. Nasema kazi kavu kwa sababu vumbi likikutana na maji kabla ya kufagiliwa linageuka tope, hasa kwenye reli za madirisha na kwenye nyavu za mbu. Anzia darini kwa utando wa buibui, shuka kwenye feni baada ya kuzima umeme, kwenye sehemu za juu za milango, madirisha, kuta na makabati, na sakafu iwe ya mwisho kabisa. Anza na chumba kilicho mbali zaidi na mlango wa kutokea, uje ukimalizia mlangoni, ili usikanyage ulipokwisha kudeki.

Juu ya makabati, usianze na sponji, kwa kuwa itajaa mafuta mara moja na utakuwa unayahamisha tu kutoka upande huu kwenda ule. Chukua vitambaa vikuukuu, vichovye kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo ya kutosha, vikamue visiwe vinachuruzika, uvitandaze juu ya ule utando na kuviacha kwa dakika kama 20. Ukivifunua utakuta mafuta yamelainika, nawe utayakwangua kwa kadi ya plastiki uliyoishika kwa kuilaza, yakitoka mapande mapande. Hapo ndipo sponji inaingia, kisha kitambaa kikavu. Kama kabati ni la mbao au la mbao za kubandikwa, usiyaache maji yatuame kwenye maungio, kwa maana mbao hizo zikinywa maji huvimba na hazirudi.

Kwa oveni, toa rafu zake uziloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni usiku kucha. Ndani, ikiwa imepoa na imezimwa kwenye umeme au gesi, paka uji mzito wa soda ya kuokea na maji, ukiepuka nyaya za kupashia joto na vitundu vya gesi, uache hadi asubuhi. Utafuta sehemu kubwa ya weusi kwa kitambaa chenye unyevu, na palipobaki utarudia. Soda hiyo usiiweke kwenye trei au sufuria za alumini, kwani huzifanya nyeusi. Na kwenye sinki au jiko la chuma kisichoshika kutu, dodoki la chuma lisitumike, kwa sababu huacha mikwaruzo pamoja na chembe ndogo ambazo baadaye hushika kutu juu ya chuma kilichokuwa kizima.

Jibu: Mwenye nyumba za kupangisha

Mpendwa, mimi nakujibu nikiwa upande wa pili wa mkataba, maana nimekuwa nikipokea nyumba kutoka kwa wapangaji kwa muda mrefu.

Mtu anayekagua hasimami katikati ya sebule akatazama sakafu inayong'aa. Anafungua. Anafungua oveni, droo, friji, kabati lililo chini ya sinki, anainua kifuniko cha choo na kutazama nyuma yake mahali bakuli linapokutana na sakafu. Anapitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Kwa hiyo muda wenu muutumie humo, na sehemu za wazi zitahitaji kazi ndogo kuliko mnavyodhani.

Kuhusu kuta, tenganisheni uchakavu na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua, zulia lililolala mahali watu wanapopita na bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila siku ni uchakavu wa kawaida, na mwenye nyumba mwadilifu hamdai mpangaji. Kigae kilichopasuka, mlango uliotobolewa na doa la wino ukutani ni uharibifu. Matundu ya misumari yako katikati ya mambo hayo mawili, na ndiyo huleta ugomvi mwingi kuliko ukubwa wake, kwa hiyo someni mkataba unasemaje kuyahusu, kisha mumuulize mwenye nyumba kwa maandishi kama anapendelea myazibe au myaache. Akikubali, jazeni kila tundu kwa puti ya ukutani, liacheni likauke kabisa, kisha lisawazisheni kwa msasa laini.

Rangi ndiyo ninayowasihi mwende nayo polepole. Rangi mpya juu ya ukuta uliozeeka, hata ikitoka kwenye kopo lile lile la zamani, mara nyingi huonyesha kiraka kinachoonekana kutoka mlangoni, na kiraka hicho huudhi kuliko alama iliyokuwepo. Mimi mwenyewe ninaona afadhali nikabidhiwe ukuta wenye matundu yaliyozibwa vizuri kuliko ukuta wenye mabaka ya rangi isiyolingana.

Jambo la mwisho ni ushahidi. Kama mlipiga picha au kujaza orodha ya hali ya nyumba mlipoingia, itafuteni sasa, kwa kuwa "hali mliyoipokea" inapimwa kwa orodha hiyo. Mkimaliza usafi, pigeni picha kila chumba kukiwa na mwanga wa mchana, pamoja na ndani ya oveni, friji na makabati.

Jibu: Mwalimu wa kemia

Nawashukuru waliotangulia. Naomba niongeze upande wa dawa, kwa sababu hapa makosa yanaweza kudhuru watu, achilia mbali nyumba.

Ukoko mweupe bafuni kwa kawaida ni kalsiamu kaboneti iliyoachwa na maji magumu yanapokauka. Sabuni haiwezi kuuyeyusha, ila asidi inaweza, hata ile dhaifu. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5, na inatosha mradi ikae mahali pake. Kwenye ukuta wa wima itatiririka na kuisha, kwa hiyo lowesha karatasi laini au kitambaa, ukibandike juu ya ukoko kwa nusu saa au zaidi, kisha sugua na suuza kwa maji mengi. Kichwa cha bomba la mvua kivishe mfuko wa plastiki wenye siki na uufunge kwa kamba. Chooni, mimina ndoo ya maji kwa mkupuo ili maji ya ndani ya bakuli yashuke, ndipo uweke siki, la sivyo itazimuliwa na maji yaliyomo.

Asidi hiyo hiyo inaila marumaru na terazo, kwa kuwa nazo zina kalsiamu kaboneti, na huacha doa lisilong'aa ambalo haliondoki kwa kufutwa. Saruji iliyo kati ya vigae nayo isikae na siki muda mrefu.

Watu wengi hupenda kuchanganya siki na soda ya kuokea, wakifurahia povu lake. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi inayotoka wakati asidi na alkali zinapomalizana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja, suuza, kisha tumia kingine ikibidi.

Ukungu kwenye silikoni unahitaji dawa ya klorini. Sokota karatasi laini, iloweshe, ilaze juu ya silikoni kwa saa kadhaa madirisha yakiwa wazi, na uvae glavu. Kama weusi umeingia ndani ya silikoni yenyewe hautatoka, na suluhisho litakuwa kuikata na kuweka mpya. Tafadhali sana, dawa ya klorini isikutane kamwe na siki wala dawa nyingine ya asidi, kwani hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na isikutane na dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi za kloramini ambazo nazo ni sumu. Kwa kuwa siki na klorini zote zitatumika katika bafu moja, zitumieni siku tofauti na msuuze vizuri katikati. Madoa ya kutu nayo yasiwekewe klorini, maana huyakaza.

Mpangaji anayehama

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Kuhusu marumaru mmeniwahi, kwa kuwa kizingiti cha dirisha la bafuni ni cha marumaru na siki nilikwisha kuinunua. Nimeuliza kuhusu matundu kwa maandishi kama nilivyoshauriwa, na mwenye nyumba amejibu kwamba yazibwe bila kupakwa rangi.

Yamebaki maswali mawili. Alama za mikono kuzunguka swichi nizitoe vipi bila kuharibu rangi, ambayo si ya kung'aa? Na friji, ambayo ni mali ya nyumba, nishughulike nayo lini?

Jibu: Msafishaji wa nyumba

Rangi isiyong'aa ukiisugua kwa nguvu inang'aa pale uliposugua, nayo hiyo ni alama nyingine. Jaribu kwanza mahali palipojificha, kama nyuma ya mlango. Zima umeme kwenye swichi kuu, tumia kitambaa laini chenye unyevu mdogo wa maji na sabuni ya vyombo, ukipangusa kwa mduara mpana bila kukandamiza, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji matupu. Usipulizie chochote moja kwa moja kwenye swichi wala soketi. Alama ikififia bila kwisha kabisa, iacheni hapo.

Friji izimeni siku moja kabla ya kuisafisha, ili barafu iyeyuke yenyewe juu ya mataulo mtakayoyaweka chini. Msiibandue kwa kisu, kwa sababu kuta za ndani zina mirija ya gesi na ikitobolewa friji imekwisha. Toeni rafu na droo mzioshe, futeni ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea kidogo, na raba za mlango mzipitie mkunjo kwa mkunjo kwa mswaki wa zamani, maana humo ndimo ukungu hukaa. Ikikauka, na kama hakuna atakayeiwasha mara moja, mlango ubaki wazi kidogo kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa, isije ikanuka.

Siku ya makabidhiano nendeni mapema mkiwa na kitambaa kimoja na mfuko wa taka. Toeni nywele kwenye kitundu cha maji cha bafuni, tazameni ndani ya kila droo, kisha fungueni madirisha ili harufu ya dawa itoke. Usomaji wa mita za maji na umeme ufanyike mbele yenu nyote wawili, na tarakimu ziandikwe kwenye karatasi ile ile mtakayotia saini ya kukabidhi funguo.