Joseph Thomson na makaa ya mawe ya Sultani Barghash

Mkazi wa Songea: Salaam, wanajukwaa. Huku kwetu malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, mgodi ulio mkoani kwetu Ruvuma, hayaishi barabarani, ndiyo maana nimeshangaa kusoma kwamba mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri mjiolojia wa Scotland, Joseph Thomson, ayatafute makaa hayo katika bonde la Ruvuma, naye akarudi mikono mitupu. Je, kazi ilimshinda, au aliyaficha?

Mchimba Miamba: Ndugu, hakuficha. Mpelelezi Livingstone alikuwa ameshataja makaa katika bonde hilo, na Sultani, mwenye meli za moshi, aliyahitaji kweli. Thomson alikuta jiwe la tope lililoganda kwa matabaka, lenye mafuta kiasi. Mimi nimewahi kuyatia motoni yote mawili: bonge la makaa huchafua vidole na kuungua hadi likawa jivu, ilhali jiwe la namna ile hutoa moshi na mwali mdogo, kisha hubaki na umbo lake lilelile. Halifai kuendeshea meli. Ngaka iko mamia ya kilomita magharibi, na maji yake hushukia Ziwa Nyasa kupitia Ruhuhu. Sultani alichukizwa na taarifa hiyo, lakini ilikuwa ya kweli.

Msomaji wa Ramani: Naongezea jambo moja. Msafara uliomjengea Thomson jina ulitoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879 ukiongozwa na mchora ramani Keith Johnston, aliyefariki Behobeho, karibu na Rufiji, mwezi Juni. Thomson, kijana wa miaka 21 aliyesomea miamba, ikambidi ashike pia kazi ya upimaji, akafika Nyasa na Tanganyika, akathibitisha kwamba mto Lukuga unatoa maji ya Ziwa Tanganyika kuelekea magharibi, jambo ambalo wapelelezi waliomtangulia, Cameron na Stanley, walikuwa wamepingana juu yake. Hata hivyo, nyapara wa msafara alikuwa Chuma, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na sioni haki kumtaja Thomson peke yake, kwani bila Chuma na wapagazi vipimo vile visingefika popote.

Mkazi wa Songea: Nashukuru sana. Kumbe jina la Ruvuma ni moja tu, lakini bonde ni jingine na miamba ni mingine.