Fundi amekula dipoziti: ni jinai au ni madai?

Mama_Donholm:
Habari wadau. Fundi wa samani Ngong Road alilipwa dipoziti ya sh 180,000 ya kabati na viti vya sebuleni, wiki sita awe ameleta. Mwezi wa nne huu, simu hashiki. OB (kitabu cha matukio cha polisi) imeandikwa, lakini afisa anasema hayo ni madai, yaani mgogoro wa mtu na mtu, si kosa la jinai, niende kortini. Mpaka uko wapi? Naweza kufungua zote mbili?

Karani_Milimani:
Dada, pole. Ukubwa wa pesa hauamui. Kinachoamua ni nia ya fundi siku ile alipopokea pesa. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu kinataka uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, naye awe anajua ni uongo. "Nitaleta baada ya wiki sita" ni ahadi. Kuivunja ni kuvunja mkataba, basi. Lakini kama alikuonyesha karakana ya mtu mwingine akasema ni yake, au alidai mbao zako tayari ziko stoo na hazikuwepo, huko ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313, kifungo hadi miaka 3.

Kwa hiyo taarifa yako ya polisi isianze na "amekataa kuleta viti". Andika alichokuambia kabla hujalipa, kwa maneno yake, tarehe, na ulivyogundua si kweli. Taarifa nyingi hukwama kwa sababu zinasimulia deni tupu, na afisa hana kosa la kuandika.

Wakili_wa_Mtaa:
Naongezea. Kesi ya jinai si mali yako. Ni Jamhuri dhidi ya fundi; wewe ni mlalamishi na shahidi. Mkishapatana nje, huwezi kuifuta kwa simu, maana hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huomba ruhusa ya korti kuiondoa. Hakimu anaweza kuamuru fidia akimtia hatiani, ila usiwekee bajeti.

Zote mbili pamoja inaruhusiwa. Kifungu cha 193A cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema kuwepo kwa kesi ya madai si sababu ya kusimamisha ya jinai. Akiachiliwa huko bado unaweza kumshinda kwenye madai: jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana, madai hupima tu ni upande gani una uzito zaidi.

Mama_Donholm:
Asanteni. Na wakimshika siku moja tu ili aogope alipe?

Wakili_wa_Mtaa:
Hapana, dada. Polisi si wakusanya madeni, na Mahakama Kuu husimamisha mashtaka yanayotumika kumbana mdaiwa. Ukijua ni deni na ukatoa taarifa ya uongo, fundi anaweza kukushtaki wewe kwa mashtaka ya hila, yaani kumshtaki mtu kwa nia mbaya bila sababu.

Karani_Milimani:
Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza hadi sh milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Anza na barua ya madai: kiasi, tarehe uliyolipa, siku za kulipa. Akinyamaza, faili dai kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama pamoja na risiti, taarifa ya M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp. Wito ukimfikia, weka hati ya kiapo kuthibitisha, la sivyo utarudishwa.

Jina ndilo linaloangusha wengi. Mtaani ni "Fundi Jose", till (namba ya kulipia ya M-Pesa) ni ya mtu mwingine, kitambulisho kina jina la tatu. Ujumbe wa M-Pesa hukuonyesha jina la aliyepokea. La biashara litafute eCitizen. Ukipata hukumu dhidi ya jina lisilo lake, dalali wa korti hana wa kumkamatia mali.

Na hata ukishinda, pesa haiji yenyewe. Vifaa vya kazi vya fundi, randa na msumeno wake, haviwezi kunadiwa, sheria inavilinda. Tafuta mapema samani zilizokwisha tengenezwa, akaunti ya benki, pikipiki. Ukiomba kifungo cha madai, yaani afungwe kwa kutolipa deni la hukumu, gharama ya chakula chake gerezani utailipa wewe. Kuhusu muda, deni la mkataba lina miaka 6 tangu livunjwe, lakini usiketi: mafundi huhama karakana.